Barua ya wazi kwa wazazi wa Gredi ya 9: kabla hamjajaza jina la shule, ulizeni kuhusu raga

Wazazi wapendwa,

Nawaandikia nyinyi mlio na mtoto Gredi ya 9 mwaka huu, mnaomchagulia shule ya sekondari pevu, na hasa nyinyi ambao moyoni mmeshaamua kwamba wenu hatacheza raga. Labda aliwahi kugonga kichwa akapoteza fahamu. Labda ana kifafa, au jicho lake moja halioni. Labda umri umefika lakini mwili bado ni wa mtoto. Labda hataki tu, na kutotaka kwake kunatosha.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo linaloonekana viwanjani muhula baada ya muhula. Mvulana anaingia kumkaba mwenye mpira, kichwa chake kinakutana na nyonga ya mwenzake, anaanguka. Anainuka, anayumba hatua mbili, kisha anakwenda kujipanga upande wa timu pinzani. Mwalimu anakuja mbio na chupa, anammwagia maji baridi kisogoni na kumuuliza, "Uko sawa?" Mtoto anaitikia kwa kichwa. Watu wanapiga makofi. Dakika mbili baadaye yumo tena mchezoni. Na pembeni wamesimama wazazi wake, watu waliosoma, wakimsifu kwa ushujaa. Wazazi hao walipochagua shule waliuliza matokeo ya mtihani wa kitaifa, karo, na unene wa godoro. Hawakuuliza ni nani mwenye mamlaka ya kumtoa mtoto uwanjani.

Niseme kwa kirefu kuhusu maji hayo ya kisogoni, maana ndiyo yanayoniudhi kuliko yote.

Mtikisiko wa ubongo si kupasuka kwa fuvu. Ubongo ni laini, umezungukwa na majimaji, na kichwa kinaposimamishwa au kuzungushwa ghafla, wenyewe huendelea kusogea ndani, ukajivuta na kujipinda. Fuvu linaweza kuwa zima, ngozi isiwe hata na mchubuko, na picha ya CT, ile ya mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, itoke safi kabisa. Ndiyo sababu zile kofia laini za raga hazizuii mtikisiko. Kazi yake ni kulinda masikio na ngozi ya kichwa isichanike. Kinga ya meno ni ya meno. Wengi wanaotikisika ubongo hawazimii hata kidogo, kwa hiyo kusema "lakini hakuzimia" si kipimo cha lolote. Dalili za kutazama ni kuduwaa, kujibu polepole, kusahau matokeo ya mechi au timu anayocheza nayo, kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, mwanga kuumiza macho, kulia au kufoka bila sababu. Nyingine hujitokeza saa kadhaa baadaye, uwanja umeshakuwa mtupu.

Hatari kubwa haiko katika kishindo cha kwanza peke yake. Ubongo uliotikisika haujitawali vizuri kwa siku kadhaa. Ukipata kishindo cha pili kabla haujapona, hata kidogo, unaweza kuvimba ndani ya dakika chache, na fuvu halina nafasi ya kuupisha. Ni nadra, lakini likitokea, mara nyingi huua, na wahanga wake wengi ni vijana. Mwaka 2011 mvulana wa miaka 14 huko Ireland Kaskazini aliumia kichwa katika mechi ya raga ya shule, akahudumiwa, akaendelea kucheza, akaanguka. Uchunguzi wa kisheria uliofanyika 2013 ulithibitisha kwamba kishindo juu ya kishindo ndicho kilichomuua. Mwaka huohuo wa 2013, Rowan Stringer, msichana wa miaka 17 wa jiji la Ottawa, Kanada, alifariki baada ya kuumia kichwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache akichezea timu ya raga ya shule yake. Mwaka 2018 jimbo lake la Ontario likapitisha sheria yenye jina lake: anayeshukiwa kutikisika ubongo ni lazima atolewe, na harudi mpaka masharti ya kurudi yatimizwe. Huko ilibidi mtoto afe ndipo iandikwe sheria.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Akishukiwa tu, anatoka, na siku hiyo harudi hata akiapa amepona. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2023 kwa michezo ya ngazi za chini unasema asirudi mashindanoni kabla ya siku ya 21, na mazoezi yenye hatari ya kugonga kichwa yasubiri mpaka amalize siku 14 bila dalili yoyote. Siku mbili za kwanza anapumzika, simu na skrini zikipunguzwa, na katika saa 24 za mwanzo haachwi peke yake.

Sasa ichukueni kanuni hiyo mwiweke ndani ya bweni. Kitanda cha ghorofa, mtoto wenu analala cha juu. Taa zimezimwa. Mwalimu wa bweni yuko nyumbani kwake ng'ambo ya uwanja. Kiranja, mwenye umri wa miaka 17, ndiye mkubwa aliyepo. Saa kumi na moja alfajiri kengele inalia, kila mtu prepu, na huyu aliyegonga kichwa jana anakodolea macho kitabu chini ya taa nyeupe huku kichwa kinamgonga kama nyundo. Akisema hawezi, ataambiwa ni mvivu. Nani alimwamsha usiku kuona kama anaamka? Nani anajua kwamba kutapika tena na tena, usingizi usioamshika, mboni zisizolingana ukubwa, degedege, mkono kuishiwa nguvu, au majimaji kutoka puani na masikioni maana yake ni hospitali sasa hivi, si asubuhi? Hayo ndiyo ya kuuliza mnapochagua shule, wanangu.

Sisemi raga ni mchezo mbaya. Waingereza waliupanda hapa Kenya katika shule za watoto wa walowezi, Prince of Wales ambayo leo ni Nairobi School na Duke of York ambayo leo ni Lenana School, nao ukaota mizizi ukawa wetu. Mwaka 2016 Shujaa, timu yetu ya taifa ya wachezaji saba, waliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya mashindano ya Singapore, na nchi nzima ilisimama. Fahari hiyo ni halali. Lakini wale ni watu wazima wenye madaktari pembeni ya uwanja. Shuleni unaweza kumkuta kijana wa miaka 15 mwenye kilo 50 akikabana na wa miaka 18 mwenye kilo 85, kwa sababu tu wote ni wanafunzi. New Zealand, ambako raga ni kama dini, huwa na madaraja ya vijana yanayopangwa kwa uzani. Sisi tunapanga kwa kuwepo.

Basi jinsi ya kuchagua.

Msiridhike na jibu kwamba shule haina timu ya raga. Timu ya shule angalau ina kocha. Penye hatari zaidi ni mashindano ya mabweni, ambapo bweni lisilo na wachezaji wa kutosha hujaza nafasi kwa wageni wa Gredi ya 10 ambao hawajawahi kufundishwa kuweka kichwa upande sahihi wa kiuno cha anayekabwa. Kichwa kikikaa mbele ya mwili unaokuja, ndicho kinachopokea uzito wote. Hilo hufundishwa kwa wiki nyingi, polepole, kwa kupiga magoti kwanza, kisha kutembea, ndipo kukimbia. Halijifundishi lenyewe Jumamosi alasiri. Skramu, pale timu mbili zinapoinama na kusukumana bega kwa bega, ni vivyo hivyo: wale watatu wa mbele wakiporomoka, shingo ndiyo inayobeba mzigo. Kwa hiyo ulizeni hivi: mabweni yanashindana michezo gani? Mgeni anaweza kukataa? Akikataa, anafanywa nini?

Kumbukeni pia kalenda. Raga ya wachezaji 15 huchezwa muhula wa kwanza, ya wachezaji saba muhula wa pili. Maana yake mtoto anaweza kuripoti Januari, ardhi ikiwa kavu na ngumu kama saruji, na kabla hajajua njia ya kwenda bwaloni akaitwa uwanjani.

Nendeni shuleni siku ya kawaida ya michezo, alasiri, si siku ya wazazi wakati kila kitu kimepakwa chokaa. Tazameni milingoti ya umbo la H: imefungwa sponji kuanzia chini mpaka juu ya kichwa cha mchezaji? Kanyageni nyasi mwone kama kuna mawe na mashimo. Ombeni kuonyeshwa sanduku la huduma ya kwanza, na mwulize ufunguo unakaa wapi. Sanduku lililofungwa ofisini wakati mwenye ufunguo yuko mjini si sanduku. Ulizeni kama kuna machela ngumu na kola ya shingo, na nani amefunzwa kuvitumia. Mtoto akilalamika shingo inauma au vidole vina ganzi, hainuliwi. Kichwa kinashikwa kilivyo, mpaka afike anayejua. Kumbeba kwa blanketi, vijana wanne wakikimbia, kunaweza kuligeuza jeraha dogo la uti wa mgongo kuwa kupooza. Ulizeni hospitali ya karibu yenye mashine ya CT ni ipi, ni mwendo wa dakika ngapi, na usiku gari ni lipi na dereva ni nani.

Mwalimu wa michezo akijibu haya bila kuangalia chini, hiyo ni shule. Akikasirika kwamba mmeuliza, mmeshajibiwa.

Mengine nayataja tu. Raga ya kugusa, isiyo na kukabana, haina tatizo, mwacheni acheze. Ndondi na taekwondo ziulizeni kama mnavyouliza raga. Soka nayo ina vichwa vinavyogongana, kwa hiyo kanuni ya kutoka uwanjani ni ileile. Wazazi wa wasichana, msilale: wasichana nao wanacheza raga ya wachezaji saba, na ubongo wao si mgumu zaidi. Anayechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ahakikishe ni michezo ipi inafundishwa kwa vitendo katika shule hiyo. Na kumkwepesha mtoto raga si kumfungia darasani: riadha, voliboli, mpira wa vikapu, kuogelea, badminton, tenisi ya meza, mwili wake unahitaji kimojawapo.

Kuna kosa lenu pia, nalo lazima niliseme. Fomu ya afya ya kujiunga na shule mnaijaza uongo. Mtoto ana kifafa, mnaandika "hana". Mnaogopa atakataliwa, au atachekwa, na katika nchi hii mnayo sababu ya kuogopa, maana bado tunawatenga wenye kifafa kana kwamba ni laana. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu asiyejua hawezi kumkinga.

Na serikali isijifiche nyuma ya wazazi. Tumetunga mtaala wenye mkondo mzima wa michezo, kundi la kwanza likaingia sekondari pevu Januari 2026, lakini shule inaweza kuandaa mechi bila nesi uwanjani na hakuna anayeulizwa. EduAfya, bima ya wanafunzi iliyoanza 2018, haipo tena. Kwa hiyo ulizeni kabla: mtoto akiumia, nani analipa ambulensi, nani analipa CT, na mtoto amesajiliwa chini ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya mzazi au la.

Mkishachagua, andikeni barua fupi. Jina la mtoto na nambari yake ya usajili. Sentensi ya kwanza: haruhusiwi kucheza raga ya kukabana, iwe timu ya shule, mashindano ya mabweni au mazoezi. Ya pili: michezo anayoruhusiwa. Ya tatu: akigonga kichwa katika mchezo wowote atolewe, asirudishwe siku hiyo, na tupigiwe simu mara moja. Nambari mbili za simu, sahihi za wazazi, na barua ya daktari kama ipo sababu ya kiafya. Toeni nakala nne siku ya kuripoti: mwalimu mkuu, mwalimu wa michezo, mwalimu wa bweni, nesi. Nakala yenu igongwe muhuri wa shule, mrudi nayo nyumbani. Ya sita mpeni mtoto mwenyewe, aisome mbele yenu kwa sauti, aikunje, aiweke chini kabisa ya sanduku lake, ili siku kiranja atakapomtupia jezi awe na karatasi ya kuonyesha.

Ni mimi mzee wenu.