Karatasi ya mirathi haitaji watoto wote

Mhariri,

Familia nyingi za hapa Bagamoyo zinapoandika shajara ya ukoo, aghalabu baada ya shamba la minazi kuzua ubishi, hushika karatasi moja ya mirathi ya babu na kuifanya ndiyo orodha ya wake na watoto wake wote. Matokeo yake ni watu wazima kuambiwa si wa ukoo huo. Inaumiza, na si haki.

Karatasi ya mirathi ya Kiislamu huwataja waliokuwa hai siku marehemu alipofariki. Mtoto aliyemtangulia baba yake hayumo. Watoto wa mtoto huyo nao hawamo ikiwa marehemu aliacha mwana wa kiume, maana huyo huwazuia. Mke aliyeachwa eda yake ikaisha hayumo pia, hata kama alizaa naye watano.

Yatazameni zaidi mafungu. Mke akipewa thumuni (sehemu moja ya nane), marehemu aliacha mtoto au mjukuu wa kwa mwanawe wa kiume; akipewa robo, hakuacha mrithi wa namna hiyo. Thumuni ikikatwa mara mbili, wajane walikuwa wawili, hata kama mwandishi alimtaja mmoja tu kwa jina. Na sudusi (sehemu moja ya sita) ikienda kwa mama, basi mama wa marehemu alikuwa bado hai: hapo mmepata kizazi cha juu bila kukitafuta.

Kila ndoa ipewe ukurasa wake: jina la mke na la baba yake, walii (msimamizi aliyemwoza), mashahidi, mahari, ndoa iliishaje, na watoto wa tumbo hilo. Walii akiwa kaka au ami, mara nyingi baba wa bibi harusi alikwisha kufariki, na tarehe ya ndoa husaidia kukisia kifo chake. Mnapowauliza wazee, msiulize "alikuwa na watoto wangapi?" Baba mdogo huitwa baba, kwa hiyo watoto wa ndugu zake wa kiume wataingia humo humo. Ulizeni kila mtoto ni wa tumbo la nani. Kumfuata bibi si kugumu kama watu wanavyodhani: hata akiolewa mara nne, hubaki binti wa baba yake, na jina hilo ndilo la kutafuta katika kila hati.

Tarehe zinaponza wengi. Mwaka 1318 wa Hijria ulianza 1900 ukaishia 1901, kwa hiyo andikeni miaka yote miwili mpaka mpate mwezi. Mfunguo Sita ni mwezi wa Maulidi, si Juni. Na aliyefariki "usiku wa Ijumaa" kwa hesabu ya wazee alifariki Alhamisi baada ya magharibi. Mwaka wa Hijria una upungufu wa siku kumi au kumi na moja, hivyo umri wa miaka 66 humo ni kama 64 kwa kalenda ya kawaida.

Wenye wazee waliolelewa Misheni ya Kikatoliki ya hapa, iliyoanzishwa mwaka 1868 na kupokea wengi waliokombolewa utumwani, waanze na daftari la ubatizo. Tangu 1908 Kanisa Katoliki liliagiza ndoa iandikwe pembeni mwa ubatizo wa mhusika, hata kama alifunga ndoa parokia ya mbali. Kwa ndoa za kabla ya hapo, tafuteni daftari la ndoa lenyewe. Jina la baba huenda lisiwepo, na akina Maria na Yosefu ni wengi, kwa hiyo linganisheni mwaka na wasimamizi wa ubatizo kabla ya kusema "ndiye".

Kando ya kila jina andikeni limetoka karatasi ipi na nani anaihifadhi. Hati za zamani zipigwe picha kwenye mwanga wa mchana, mbele na nyuma, kwa kuwa mashahidi wakati mwingine wameandikwa nyuma. Tafadhali msizipeleke kutiwa plastiki kwa moto: wino huweza kuharibika, na karatasi haibanduki tena.

Wasomaji wenu,
Bagamoyo