Ule mstari wa mwisho kwenye mkataba wa mfamasia

Mhariri habari za kazi, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme kidogo kuhusu sisi wafamasia wa mkataba kwenye hospitali za jeshi. Kila nafasi zikitangazwa vijana wananitumia meseji wanauliza kazi yenyewe ikoje, na mi huwa nawaambia lisome tangazo mpaka mwisho, mpaka ule mstari unaosema "na kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi", maana hapo ndo penye shughuli.

Sifa zenyewe hazina utata. Digrii ya famasi ni miaka 4, ukimaliza unaenda internship mwaka mzima, kisha unasajiliwa na Baraza la Famasi na leseni yako unaihuisha kila mwaka, ndivyo mambo yalivyo chini ya Sheria ya Famasi ya 2011. Mwenzetu wa diploma anasoma miaka 3 na anasajiliwa kama fundi dawa sanifu. Uwe wa kudumu, uwe wa mkataba, uvae gwanda au koti jeupe tupu, leseni ni ile ile na ukiua mtu kwa dozi utaitwa na Baraza lile lile, hawatakuuliza mkataba wako ni wa miezi mingapi.

Na kwa nini jeshi linachukua raia, mbona lina wafamasia wake? Linao, tena wazuri sana, lakini mwenye gwanda leo yupo dirishani kesho kapelekwa kozi, kapangiwa kikosi kingine au kaondoka na wenzake kulinda amani Kongo, Lebanon au Jamhuri ya Afrika ya Kati, na wagonjwa hawapungui hata siku moja. Halafu wagonjwa wenyewe siyo askari tu, kuanzia Lugalo pale Dar mpaka Bububu Zanzibar raia wanatibiwa hospitali za jeshi kila siku na wengi wanazipenda kwa sababu ya nidhamu. Kwa hiyo wa mkataba ndo anabaki na stoo, na dirisha, na wodi, na zamu za usiku.

Watu wanadhani tunahesabu vidonge. Asubuhi kabla hujafungua dirisha unasoma kipimajoto cha friji, insulini na oksitosini zinatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, unaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, jioni unasoma tena, umeme ukikatika usiku unakimbilia jenereta kama vile mwanao ndo yuko mle ndani. Kuna leja, kuna oda za Bohari ya Dawa ambazo ukikosea hesabu mwezi huu wodi ya watoto inalia mwezi ujao, kuna kupanga rafu ili dawa inayokaribia kuekspaya itoke kwanza. Kuna kabati la mofini na pethidini, zile dawa kali za maumivu, lenye kufuli mbili, kila ampuli inayotoka inaandikwa jina la mgonjwa na sahihi, na zamu zikibadilishana mnahesabu wawili, ikikosekana moja hakuna anayerudi nyumbani.

Lakini kubwa kuliko yote ni kusoma cheti cha dawa na kukataa kutoa dawa kama kina kosa. Na hapa ndo nataka kusemea.

Hospitali niliyokuwepo siitaji na mahali siitaji. Jioni moja alikuja mama mzee, anaumwa baridi yabisi, kaletwa na mwanae ambaye ni afisa. Cheti kimeandikwa methotrexate, vidonge vinne vya miligramu 2.5, kila siku. Sasa kwa ugonjwa ule methotrexate inamezwa mara 1 kwa wiki, siyo kila siku, ukimpa mzee kila siku inashambulia uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, damu inashuka, mdomo unajaa vidonda na unaweza kumzika ndani ya muda mfupi tu. Nikampigia daktari, yuko theatre hapokei. Nikamwambia afande naomba tusubiri, akasema imeandikwa na daktari toa dawa, nikarudia naomba tusubiri, akauliza wewe ni nani hapa. Mama wa watu kakaa kwenye benchi kama dakika 40, kashika mfuko wa dawa zake za presha mapajani, ananiangalia tu hasemi kitu. Daktari alipotoka akasoma cheti, akakaa kimya, akakata ile "kila siku" akaandika "Jumapili tu", akaongeza foliki asidi ya siku nyingine na akanishukuru mbele ya watu, nampa heshima yake kwa hilo.

Kesho yake nikaitwa nijieleze kwa maandishi kwa nini nilimbishia afisa. Siyo kwamba waliniona nimekosea dawa, hapana, hoja ilikuwa kwamba mkataba wangu unasema nitafanya kazi nitakazopangiwa na hakuna popote panaposema naweza kuzuia cheti. Nikaandika kurasa mbili. Mkataba ulikuwa umebakiza wiki 3, ukahuishwa nashukuru, ila zile wiki 3 sikulala, nina mtoto shule na kodi ya nyumba, na nilijiuliza kweli siku nyingine nitathubutu tena au nitatoa dawa nilinde ugali wangu.

Jeshi lina amri na linatakiwa kuwa na amri, baba yangu alikuwa askari nimekulia kambini naelewa vizuri tu, wala sisemi raia aje kuvuruga utaratibu. Ila dozi haina cheo. Daktari wa jeshi mwenyewe anajua hilo, mfamasia mwenye nyota anajua, na yeye akikataa anasikilizwa kwa sababu ana nyota. Wa mkataba anategemea busara ya aliyepo zamu siku hiyo.

Ninachoomba kwa wanaoandaa hii mikataba ni kitu kidogo sana, juu ya ule mstari wa mwisho waongeze mwingine: kwamba mfamasia akiwa na shaka na cheti atazuia dawa mpaka aongee na aliyeandika, au daktari mwingine wa zamu kama huyo hapatikani, na hataadhibiwa kwa kufanya hivyo bila kujali mgonjwa ni wa nani. Hauhitaji bajeti. Na vijana mnaoenda kusaini, uulizieni huo mstari kabla hamjashika kalamu, kama haupo ombeni uandikwe hata kwa mkono na mkuu wa idara asaini pembeni.

Yule mama alikuwa anakuja kila mwezi, akifika dirishani ananiambia mwanangu ni Jumapili eeh, nami najibu ndiyo mama, Jumapili tu.

Mfamasia wa mkataba,
Dar es Salaam