Kutu ya paa la Hiace inaanzia kwenye gata

Ndugu Mhariri,

Masika yakishakatika, magari ya abiria ya ukanda wetu wa pwani, kuanzia Mtwara mpaka Mombasa, hupanga foleni gereji kutafuta rangi. Mengi ni Hiace za zamani, zile za umbo lililotoka kati ya 1989 na 2004, na malalamiko ni yaleyale: rangi ya paa imetoa malengelenge kandokando, na abiria wa siti ya nyuma analowa mvua ikinyesha. Mwenye gari anataka puti, ule uji wa kusawazisha bati, ipigwe, rangi ipuliziwe, kesho kutwa gari liwe barabarani. Naomba nafasi nieleze kwa nini kazi ya namna hiyo haivuki masika yanayofuata, na ifanyweje ili idumu.

Paa la Hiace hizo ni bati kubwa la chuma ambalo unene wake haufiki milimita moja. Pembeni limekunjwa likakutana na bodi ya ubavuni, yakashikwa kwa vidonge vya weldi, na hapo ndipo ilipo gata inayopitisha maji. Katikati ya mabati hayo mawili hakuna rangi ya maana. Kinachozuia maji ni uzi wa silanti, gundi ya kuzibia mishono, uliowekwa kiwandani ndani ya gata, na uzi huo ukishapigwa na jua miaka 20 hukauka na kupasuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha. Maji hunywewa na mshono, na yakishaingia hayana njia ya kukauka. Kutu inayoanza humo hufura, maana inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo inatanua mabati, ufa unaongezeka, maji yanaingia zaidi. Lile lengelenge linaloonekana juu ya rangi ni dalili ya mwisho kabisa. Ukilipasua na kulipiga puti umefunika kidonda ambacho usaha wake uko chini.

Wapo wanaosema gari limekuja na kutu yake Japani, kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Chumvi hiyo hula chasi na sehemu za chini. Paa linaliwa na hewa ya hapahapa: upepo wa bahari unabeba chumvi, chumvi inatua juu ya bati, na kwa kuwa yenyewe inavuta unyevu, bati linabaki na majimaji hata siku ambayo hakuna mvua.

Chanzo cha pili kiko ndani. Gari lililojaa abiria siku nzima linajaa pumzi na jasho. Usiku paa linapoa, unyevu ule unaganda kuwa matone chini ya bati, na kama fundi wa viti aliweka sponji ya godoro juu ya kitambaa cha dari, sponji inayanywa matone yote na kuyashikilia kwenye chuma. Ndiyo maana yapo mapaa yanayotoboka katikati kabisa, mbali na gata. Cha tatu ni keria ya mizigo. Miguu yake inakaa ndani ya gata na kutikisika kila shimo la barabara, mpaka inasaga rangi na kupasua silanti. Ongeza matundu ya skrubu yaliyotobolewa kwa ajili ya antena au mabango, ambayo hayakupakwa chochote ukingoni.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata kopo moja la rangi, shusha dari. Toa taa za ndani, chomoa klipu, teremsha kitambaa, toa sponji yote. Mulika tochi pembeni kote, hasa juu ya milango na kwenye kona za juu za kioo cha mbele, chini ya raba. Kutu ya unga mwekundu ni ya kusugua. Inayobanduka magamba, ambayo ukiigonga kwa mpini wa bisibisi bati linatoa sauti iliyokufa badala ya mlio, hiyo chuma chake kimekwisha. Nje, chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, itembeze kwenye ukingo wa paa. Isiposhika, hapo pana puti ya mtu mwingine.

Baada ya hapo lijaribu kwa maji. Mmoja akae ndani na tochi, mwingine ashike mpira wa maji yasiyo na nguvu. Aanzie chini kwenye raba za vioo, dakika 5 kila sehemu, apande kwenye gata, paa lenyewe liwe mwisho. Ukianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Maji pia hutembea juu ya mbavu za paa: yanaweza kuingilia juu ya mlango wa dereva yakadondokea siti ya mwisho.

Kazi yenyewe inaanza kwa kukwangua silanti yote ya zamani ndani ya gata, urefu wote na pande zote mbili, hata inapoonekana nzima. Hapa mafundi wengi tunafanya haraka, na hapa ndipo kazi inapoharibikia. Ukishaikwangua, piga msasa namba 80 mpaka chuma cheupe kitokee, na uvuke mpaka wa kutu kwa kama sentimita 5. Brashi ya waya kwenye grainda isikudanganye: inaing'arisha kutu mpaka inafanana na chuma. Angalia kwa karibu. Ukiona vidoa vyeusi ndani ya vishimo vidogo, kutu bado imo, na pamoja nayo chumvi. Sugua mahali hapo kwa maji safi ya moto mara mbili tatu, kausha kwa hewa ya kompresa, liache chini ya banda usiku mmoja. Asubuhi vishimo vikiwa vimegeuka kahawia, chumvi haijatoka, rudia.

Vishimo ambavyo msasa haufiki ndivyo vinavyohitaji dawa ya kutu ya asidi ya fosfori. Ipake kwa brashi, isikaukie hapo, isuuze vizuri kwa maji, ukaushe papo hapo. Asidi iliyobaki huifanya praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, ibanduke kama ngozi ya kuchomwa na jua. Dawa haiponyi magamba wala haizibi tundu.

Penye tundu, kata mpaka ufikie chuma kizima, angalau sentimita 2 nje ya ukingo ulioliwa. Kiraka kiwe bati la chuma la geji 20 au 22. Bati la kuezekea nyumba halifai, ni jembamba mno, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaomwumiza fundi. Kabla ya kuchomelea chomoa betri, ondoa nyaya na mabaki ya sponji, weka kizima moto karibu, kwa sababu dari la gari hushika moto kwa sekunde. Tumia mashine ya MIG, ile weldi ya umeme inayojilisha waya, na waya uwe wa milimita 0.6 au 0.8. Weka nukta moja, ruka sentimita 3, weka nyingine upande wa pili, subiri bati lipoe mpaka mkono uvumilie, ndipo ujaze katikati. Weldi ya gesi kwenye paa ni hasara. Moto wake unatanua bati pana, likipoa linabaki na mawimbi, fundi analazimika kuyafuta kwa kilo za puti, puti nene inapasuka kwa mtikisiko wa barabara, na maji yanarudi palepale yalipoanzia. Gata ikiwa imeliwa zaidi ya theluthi ya urefu wake, kwa maoni yangu viraka ni kupoteza hela. Tafuta paa lililokatwa kwenye gari jingine, ubadilishe upande mzima.

Chuma kikishakuwa safi, futa kwa tina ukitumia vitambaa viwili, kimoja kibichi, kingine kikavu kikifuata nyuma yake kabla tina haijakauka. Petroli inaacha mafuta. Siku hiyohiyo piga praima ya epoksi ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuikausha, juu na chini ya bati, tabaka mbili. Praima nyekundu ya kawaida inapitisha maji, na gari linalozunguka nayo miezi miwili likisubiri hela ya rangi linaota kutu chini yake. Paa la Hiace ndefu lina takriban mita 6 za mraba, kwa hiyo andaa kama lita 2 za epoksi iliyokwisha kuchanganywa kwa upande wa juu.

Puti ije juu ya epoksi iliyopigwa msasa namba 180, isizidi milimita 3. Puti ni kinyonya maji, haikai juu ya kutu wala haiachwi wazi ikanyeshewa. Kwa gramu 100 za puti weka gramu 2 za hadina, zisizidi 3. Ukizidisha ili ikauke upesi, rangi nyeupe juu yake itatoa doa la njano. Funika puti kwa epoksi tena.

Sasa gata. Tumia silanti ya poliurethani ya viungo vya magari. Silikoni ya madirishani, ile inayonuka siki, msiikaribishe: siki hiyo ni asidi, inakula chuma, na rangi haishiki juu yake. Lami ya mapaa ya nyumba nayo inapasuka juani na kufungia maji chini. Mrija wa mililita 310, ukitoa uzi wa milimita 5, unafika kama mita 15, lakini nunua miwili, kwa sababu mishono ya mbele na nyuma nayo inaitaka. Ukandamize uzi kwa kidole chenye glavu uingie ndani ya mshono, na uache njia ya maji kuteremka kwenye ncha zote za gata.

Rangi ipulizwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Jioni hewa ya pwani inatua kama umande juu ya bati na rangi inapauka. Nawasihi mafundi wenzangu, hasa vijana: hadina ya rangi za kuchanganya ina kemikali iitwayo isosayaneti, inayoweza kuleta pumu ya maisha. Kitambaa puani hakiizuii hata kidogo. Vaa barakoa yenye vichujio vya kaboni inayobana uso, na msaidizi asiye nayo atoke nje.

Rangi ikishakauka, rudi ndani upulizie nta ya kuzuia kutu kwenye mishono kwa chini, inywewe na mabati. Dari lirudishwe na sponji isiyonyonya maji, ile ya povu lililofungana. Keria iwekewe mpira chini ya kila mguu, na kila tundu la skrubu lipakwe epoksi ukingoni kabla ya kufungwa.

Utunzaji wake ni mdogo. Kila wiki suuza paa na gata kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lakini yaonje kwanza: maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na gari linaloshwa nayo kila siku linapakwa kutu. Yakigoma kutoa povu la sabuni, tafuta mengine. Gari linalolala chini ya mvinje litolewe sindano za mti huo ndani ya gata kila asubuhi, maana zinashikamana na kushika maji. Usiku acha dirisha moja wazi kidogo pumzi ya mchana itoke. Kila baada ya masika fungua kona moja ya dari umulike.

Miezi ya kazi hii ni Juni mpaka Septemba. Oktoba vuli ikianza kunyesha, silanti iwe imeshakaa kwenye gata wiki kadhaa.

Fundi bodi,
Tanga