Mlete Bosi, lakini si saa sita mchana

Shangani, Mtwara

Shoga yangu mpendwa,

Hujambo na wanao? Sisi wazima, ila joto ndilo hilo, usiku tunalala milango wazi. Ujumbe wako nimeupata. Nimecheka peke yangu uliposema unakuja Novemba na mbwa wako Bosi, ukamwonyeshe bahari.

Mlete. Ila tuelewane mapema kuhusu saa, maana nakujua, wewe ufukweni huendi mpaka chai iishe na nywele zisukwe. Novemba huku kusi imeshatulia na kaskazi haijakolea, na jua linawaka kwelikweli. Ninyi wa bara mkija pwani mnaogopa mawimbi na papa. Kwa mbwa mimi naliogopa jua kuliko maji. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, ulimi nje, na hewa yenyewe ikiwa ya moto na nzito kama ya hapa, kuhema hakumsaidii sana. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 na ushei. Likivuka 41, roho iko mashakani.

Kwa hiyo saa 12 asubuhi tuwe tumeshafika, na saa 3 tunarudi nyumbani. Kabla hajakanyaga mchanga, weka mgongo wa kiganja chako chini uhesabu taratibu mpaka 7. Ukishindwa kuvumilia, naye nyayo zitaungua. Ukimwona anahema bila kutulia, ute umekuwa mzito, fizi nyekundu sana, anayumba, usisubiri aone nafuu. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, halafu twende kwa daktari wa mifugo. Usimfunike kanga mbichi ukaiacha juu yake, inafungia joto ndani.

Maji ya kunywa njoo na dumu lake na bakuli. Mbwa mwenye kiu hunywa hata ya chumvi, na akiyanywa mengi anatapika, anaharisha, yakizidi anapata degedege. Mpe yasiyo na chumvi kila mara, hata kama hajaomba.

Halafu uangalie mwezi kabla hujapanga siku. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu huwa bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kwa nguvu, na huku bahari hujaa karibu saa 10 alfajiri, ikaendelea kupwa mpaka karibu saa 4 asubuhi. Yaani saa zetu zilezile ndizo maji yanapokimbilia nje, na tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mbwa anayefuata kijiti alichotupiwa hajui habari ya mkondo. Ningependa uje kipindi cha maji mafu, mwezi ukishafika nusu, mkondo unapokuwa mpole na asubuhi maji yanajaa taratibu. Hata hivyo kamba ndefu asivuliwe, na asipite usawa wa magoti yako.

Najua utataka Msimbati kwa sababu ya picha. Tutakwenda, lakini bila Bosi. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kasa hupanda mchangani kutaga. Mbwa akishanusa mayai, atafukua tu. Bosi atatosheka na hapa Shangani.

Kingine cha kumchunga ni mdomo wake. Wavuvi wakikuta bunju, yule samaki anayejivimbisha, kwenye nyavu humtupa palepale mchangani, na bunju huyo hata akikauka kama gome sumu yake haiondoki, kupikwa kwenyewe hakuiondoi. Dawa ya kuivunja haipo. Kuna ndoano zenye chambo pia, na matumbo ya samaki yaliyooza. Mfundishe kuanzia sasa kuachia kitu ukimwambia “acha”. Una wiki kadhaa, na yeye si mjinga hivyo.

Sasa la watu, ambalo kwangu ni zito kuliko hayo yote. Majirani zangu wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Kwao mate ya mbwa na majimaji ya mwili wake ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara 7, moja wapo kwa udongo. Bosi akitoka majini akajikung'uta karibu na mzee aliyevaa kanzu, au akalamba wavu unaoshonwa, umewapa watu kazi ambayo hawakuiomba. Si kwamba wanamchukia mbwa, wapo wanaofuga wa kulinda mashamba ya korosho. Basi tutakaa mbali na ngalawa, mbali na mikeka, na kina mama wanaochokoa pweza tutawapisha. Watoto watapiga kelele na kukimbia, naye atadhani ni mchezo. Hapo shika kamba fupi. Ukiona mtu anasita kupita, sogea wewe.

Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa uje nayo, iwe haijapitwa na mwaka. Wakati mwingine mkwaruzo mdogo tu unaleta maneno mtaa mzima, na kadi inayanyamazisha haraka.

Mkirudi nyumbani kisima kipo, tutamwosha chumvi yote, tumkaushe masikio na kumkagua vidole. Mama amekubali alale barazani. Jikoni amesema asiingie, na ukimjua mama usijaribu kumbembeleza. Unga wa ugali wake uje nao, dagaa nitanunua mimi feri.

Nijibu mapema nijue mnafika lini, niazime ile ndoo kubwa kwa jirani.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Shangani