Nguvukazi ya Tanzania na Kenya ipimwe kwa kipimo kimoja

Ndugu Mhariri,

Hapa Tanga, ambako mpaka wa Horohoro hauko mbali, ni kawaida kusikia nguvukazi ya Tanzania ikilinganishwa na ya Kenya, na mara nyingi anayelinganisha hunukuu idadi ya watu tu: milioni 61.7 kwa sensa yetu ya 2022 na milioni 47.6 kwa sensa ya Kenya ya 2019. Hiyo si nguvukazi, na hata miaka yenyewe haifanani.

Nguvukazi ni watu wenye umri wa kufanya kazi ambao ama wana kazi ama wanaitafuta. Ugumu mkubwa uko kwa mkulima. Tangu wanatakwimu wa kazi wa kimataifa walipokubaliana upya mwaka 2013, mtu wa Handeni anayelima mahindi hasa kwa chakula cha nyumbani kwake hahesabiwi kuwa na ajira kwa kilimo hicho (mwenyewe angeshangaa kuambiwa hivyo), ilhali kibarua anayekata mkonge kwa ujira anahesabiwa. Nchi moja ikitumia kipimo cha zamani na nyingine kipya, pengo kubwa laweza kuzuka pasipo mtu hata mmoja kupata wala kupoteza kazi. Umri nao hutofautiana: taarifa nyingine huishia miaka 64, nyingine hazina kikomo.

Naomba gazeti lako, linapochapisha ulinganisho wa namna hii, litaje mwaka wa utafiti, umri uliohesabiwa na maana ya ajira iliyotumika.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga