Kwa Nini Mkono wa Avata Wako Unazama Mgongoni mwa Mwenziwe

Sisi hutengeneza na kuuza miondoko ya avata, yaani miili ambayo watumiaji huivaa katika Second Life, ulimwengu wa kubuni wa mtandaoni, na malalamiko tunayoyapokea mara nyingi kuliko yote ni ya kukumbatiana. Mteja amenunua miondoko ya watu wawili, avata wamesimama mahali panapotakiwa, kisha mkono wa mmoja unazama mgongoni mwa mwenziwe, au unabaki ukielea hewani kana kwamba unamkumbatia mtu aliyekwisha kuondoka. Tunaelewa uchungu wa kununua kitu kwa ajili ya wakati mzuri na kukuta kimeharibu wakati huohuo, na kwa hiyo tunataka kueleza chanzo chake.

Miondoko tunayoitengeneza kwa ajili ya Second Life si picha wala video. Ni orodha ya mizunguko ya viungo: katika fremu hii bega lizunguke kiasi hiki, kiwiko kikunjwe kiasi kile, na nyonga ziwe kwenye kimo fulani. Faili haijui urefu wa mkono wala unene wa kifua. Sisi tunapotengeneza, tunapima kwa avata wa kimo kimoja. Wewe unapovuta vidhibiti vya umbo na kurefusha mikono, bega linazunguka vilevile, lakini kiganja kilichokusudiwa kutua begani kwa mwenzio kinapita hadi nyuma ya shingo yake. Kusogeza avata mbele au nyuma kunasaidia, ila kunausogeza mwili mzima na hakuwezi kufupisha mkono. Ndiyo maana tunawaomba wateja wanaonunua miondoko ya wawili watutajie vimo vya avata wote wawili kabla ya kulipa. Tofauti ikiwa kubwa, tunatengeneza toleo jingine badala ya kuwauzia lile lililopo.

Tatizo la pili halionekani kwa urahisi, nalo ni kipaumbele. Kila faili inapopakiwa hupewa daraja, kwa kawaida kuanzia 0 hadi 4, na daraja hilo huamua kiungo kimoja kimoja kitatii miondoko ipi pale inapochezwa mingi kwa pamoja. Madaraja yakilingana, iliyoanza mwisho ndiyo inayoshinda. Watengenezaji wengi huweka kila kitu daraja la 4 ili kazi yao isifunikwe na nyingine, na kwa maoni yetu hilo ni kosa, kwa sababu ngoma ya daraja la 4 itaunyakua hata mkono ulioshika kikombe, na kikombe kitazunguka hewani pamoja na ngumi. Sisi tunaipa miondoko ya kusimama daraja la chini, ya kukaa la katikati, na ya kushika vitu la juu, tena tukigusa viungo vinavyohitajika tu.

Hata hivyo, nasi tumewahi kukosea. Kwa faili za aina ya BVH, muundo mmojawapo wa kuhifadhi miondoko, fremu ya kwanza haichezwi bali hutumika kama kipimo, na kiungo kisichotofautiana nayo huhesabiwa kuwa hakijaguswa. Mteja mmoja alituletea picha ya avata wake aliyeketi kwa utulivu huku mkono wa kushoto ukipungapunga, kwa kuwa katika faili yetu mkono huo ulikuwa palepale tangu fremu ya kwanza, na miondoko mingine iliyokuwa ikichezwa chini yake ikauchukua. Tiba ilikuwa kulizungusha bega kidogo sana katika fremu ya kwanza, kiasi kisichoonekana kwa macho. Tangu hapo tunakagua kila kiungo kabla ya kuuza.

Kuhusu wachezaji wanaopishana hatua: seva hutangaza tu ni miondoko ipi imeanza, na kila kompyuta huicheza yenyewe, kwa hiyo unachokiona wewe huenda sicho anachokiona mwenzio. Simamisheni wote, kisha muanze kwa pamoja.

Mifupa ya vidole, uso, mkia na mabawa iliongezwa kwenye avata wa Second Life na mradi wa Bento mwaka 2016. Mwili wa zamani ambao haukufungwa kwenye mifupa hiyo hautaitikia hata kidogo, na miondoko ya uso iliyotengenezwa kwa kichwa cha aina moja inaweza kukipinda kichwa kingine taya na mashavu. Hapa hatubahatishi: hatuuzi miondoko ya uso bila kujua jina la kichwa unachotumia.

Ukituandikia kuhusu hitilafu, tafadhali tuma jina la mwili na la kichwa, kimo cha avata, picha moja ya mbele na moja ya ubavuni, pamoja na orodha ya vitu ulivyovaa vyenye miondoko yake, hasa kile kifaa ambacho wengi hukiita AO, kinachobadilisha miondoko ya kawaida ya kusimama na kutembea. Kabla ya hapo kivue kifaa hicho na ujaribu tena. Mkono ukitulia, ni mvutano wa vipaumbele, na tutakushauri namna ya kuupatanisha. Usipotulia, huenda kosa ni letu, na marekebisho yake hatutozi.