Bondia wangu ameletewa mkataba, chuo bado mwaka mmoja na nusu

Ndugu Mshauri,

Nafundisha ngumi, na naomba ushauri kabla sijatoa neno kwa kijana ambaye nikishasema ataacha kufikiri mwenyewe. Ana miaka 20, yuko mwaka wa pili wa stashahada ya umeme, na kwenye ngumi za ridhaa anapigana uzani wa kilo 65. Promota amemletea mkataba wa miaka mitatu wa ngumi za kulipwa, kwa sharti kwamba aache chuo na kuhamia kambini. Wazazi wake wanasema amalize kwanza. Yeye ananiuliza mimi. Ugumu uko hapa: kocha kwa kawaida hupata asilimia 10 ya malipo ya bondia wake. Akisaini nalipwa, akibaki kwenye ridhaa silipwi. Kwa hiyo hata wazo ninaloliona zuri nalitilia shaka kwa sababu limetoka kwangu.

Jambo linalonitisha kuliko fedha ni uzito. Promota hana bondia wa kilo 61.2, basi anamtaka huyu ashuke hapo. Siku za kawaida kijana ana kilo 68. Kwenye ridhaa wanapima uzito asubuhi ya siku ya pambano, kwa hiyo kilo tatu anazipunguza polepole kwa chakula na mbio, kisha anapanda ulingoni akiwa mzima. Kwenye kulipwa wanapima siku moja kabla. Hapo ndipo mabondia wengi hukata kilo za mwisho kwa kujikausha maji: koti la plastiki, chumba cha mvuke, kutokunywa, halafu kunywa kwa fujo usiku kucha. Kutoka 68 hadi 61.2 ni asilimia 10 ya mwili wake. Maji hayo hayarudi yote kwa siku moja, na anayeingia ulingoni bado mkavu huchoka raundi ya pili na kuanza kupokea ngumi ambazo siku nyingine angezikwepa. Madaktari wa ngumi wanahofia zaidi ubongo wa mtu aliyekauka. Kama ni kulipwa, uzani unaomfaa ni ule unaofuata juu yake, wa kilo 63.5, na ningetaka namba hiyo iandikwe kwenye mkataba. Promota anasema "tutaona", neno ambalo kwenye biashara hii lina maana ya hapana.

Halafu kuna hesabu ya muda, ambayo wazazi hawaioni vizuri na kijana haioni kabisa. Mkataba unaahidi mapambano manne kwa mwaka. Kambi ya maana kabla ya kila pambano ni wiki nane, hivyo wiki 32 zimekwenda. Ongeza wiki mbili za kupumzisha mwili baada ya kila pambano, zinakuwa 40. Zinabaki 12, na hazitaangukia likizo za chuo, kwa sababu tarehe ya pambano huamuliwa na ukumbi, televisheni na mpinzani. Mpinzani akiumia, pambano linasogezwa wiki tatu, na kambi inarefuka nalo. Mtihani hausogezwi. Masomo ya umeme yana karakana na mafunzo kwa vitendo, na mahudhurio yanahesabiwa. Huwezi kuazima daftari la mwenzako ukadai ulikuwepo.

Watu husema ridhaa ni salama kwa sababu ya kofia ya kinga. Hilo limepitwa na wakati. Wanaume wakubwa wa ridhaa waliondolewa kofia mwaka 2013, na kwenye Olimpiki ya 2016 walipigana vichwa wazi. Tofauti ya kweli iko kwenye wingi. Ridhaa ni raundi tatu za dakika tatu. Anayeanza kulipwa hupigana raundi nne, kisha sita, nane, hadi kumi na kumi na mbili. Lakini ngumi nyingi bondia hazili kwenye pambano. Chukua sparingi, yaani kupigana na mwenzako mazoezini, ya raundi sita mara mbili kwa wiki kwa wiki tano: ni raundi 60 za mazoezi kwa ajili ya pambano la raundi nne. Kwa kambi nne, raundi 240 kwa mwaka, tena na wakubwa wa kambini wanaohitaji mtu wa kujipimia. Mikataba yote niliyosoma inataja idadi ya mapambano. Sijaona hata mmoja unaotaja raundi za sparingi.

Akipigwa nokauti, kanuni humzuia kupigana na kufanya sparingi, na siku 30 ndizo za chini kabisa ninazozikubali. Kinachosahaulika ni kwamba kichwa kilichotikisika hakisomi. Kuangalia skrini au kufuatilia hesabu ndefu kunarudisha maumivu ya kichwa, na usingizi unavurugika. Wiki hizo si za kujisomea, kama wengine wanavyodhani. Mkono nao una habari yake. Kwa uzani wake, glovu za pambano la kulipwa ni aunsi 8, wakati mazoezini kazoea aunsi 16. Sponji ikipungua, ngumi ya pembeni iliyogonga paji la uso huvunja mfupa wa kiganja chini ya kidole cha mwisho, na hapo ni wiki sita hivi bila kushika bisibisi wala kalamu, kama ni mkono wa kulia. Kwa fundi umeme hilo si jambo dogo.

Kwenye fedha sitakaa sana. Kila 100 inayolipwa, meneja anachukua 33, mimi 10, inabaki 57, na humo mna vipimo vya kichwa, macho na damu, leseni, vifaa na kodi. Kwenye maonyesho madogo bondia mwenyeji hupewa tiketi auze, na mara nyingi mauzo hayo ndiyo yanayomlipa mpinzani kwanza. Meneja aliyetajwa kwenye mkataba huu ni ndugu wa promota. Meneja kazi yake ni kumbana promota. Akiwa wa nyumba moja naye, nani anabaki upande wa kijana? Marekani ilitunga sheria mwaka 2000, yenye jina la Muhammad Ali, kutenganisha maslahi ya hao wawili kwa sababu hii hii. Kuna pia kifungu kinachompa promota haki ya kuongeza miaka bondia akitwaa mkanda, na kingine kinachosimamisha saa ya mkataba kila bondia anapoumia. Hakuna kifungu kinachosema nini kitatokea asipopewa pambano. Anaweza kukaa mwaka mzima bila kupigana na bila ruhusa ya kupigana kwingine, na chuo ameshakiacha. Nilichomwomba promota ni mstari mmoja: miezi sita ikipita bila pambano, mkataba unakufa. Hajajibu.

Hoja ya promota ni umri, kwamba bondia akichelewa kasi inaondoka. Vasyl Lomachenko wa Ukraine aliingia kulipwa mwaka 2013 akiwa na miaka 25, na akawa bingwa wa dunia kwenye pambano lake la tatu. Katie Taylor wa Ireland aliingia 2016 akiwa na miaka 30. Kijana akimaliza chuo atakuwa hajafika hata 22. Lakini lazima niwe mkweli: hao walikuja na dhahabu ya Olimpiki mkononi, na mapromota waliwafuata wao. Wangu ana medali za mashindano ya kawaida. Ofa kama hii huenda isirudi, na sitaki kuwa mtu aliyemzuia.

Wapo waliofanya yote mawili. Wale ndugu wawili mabondia wa Ukraine, Vitali na Wladimir Klitschko, walipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya michezo huku wakipigana kulipwa. Juan Diaz alikuwa bingwa wa dunia wa uzani mwepesi tangu 2004 na bado alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Ila huyu wetu angelazimika kukubaliwa mapambano mawili kwa mwaka, yote kwenye likizo, na akajifanyie mazoezi hapa: mbio alfajiri, darasani, gym jioni, sparingi mara moja kwa wiki muhula ukiendelea. Inawezekana. Nimempa promota pendekezo hilo, akasema bondia wa likizo hauziki.

Chuo kinaruhusu kuahirisha masomo mwaka mmoja, mara moja tu, na fomu lazima ipelekwe kabla muhula haujafunguliwa. Akiondoka bila fomu anahesabiwa ameacha, na kurudi ni kuanza upya mwaka wa kwanza. Mkataba ni miaka mitatu, kwa hiyo hata kuahirisha hakuzibi pengo, labda kama mkataba ungekuwa wa mwaka mmoja wa majaribio wenye mapambano matatu yaliyotajwa kwa tarehe. Kwa upande mwingine, akisaini anafunga mlango wa mashindano ya wanafunzi, na ingawa Olimpiki imefunguliwa kwa mabondia wa kulipwa tangu 2016 na ngumi zimo kwenye Los Angeles 2028, promota mwenye haki ya kipekee ndiye atakayesema aende au asiende.

Moyo wangu unaelekea kumwambia abaki kwenye ridhaa mihula mitatu iliyobaki, apate cheti, na akimaliza tumtafutie promota atakayekubali apigane uzani wa kilo 63.5. Lakini je, ni haki mimi kulisema hilo nikijua kwamba anaweza kunilaumu maisha yake yote, au nimpeleke kwa kocha mwingine asiye na asilimia humu amsomee mkataba mstari kwa mstari? Nikae na wazazi kwanza au na yeye kwanza, ikizingatiwa kwamba ni mtu mzima na sahihi ni yake? Na kama promota akikubali mwaka mmoja wa majaribio lakini akang'ang'ania kilo 61.2, je, nikatae hapo hapo kwa niaba yake, au hilo nalo ni la kwake kuamua? Jibu linatakiwa wiki ile ile ambayo fomu ya kuahirisha inafungwa.

Wako,
Kocha wa ngumi